Msimwage Maji Yote

Marehemu, ambaye nyumbani aliitwa Kiherehere, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Kutulia kulimshinda tangu utotoni. Shuleni walimu walimtoa nje kwa wingi wa maswali, naye akaendelea kuyauliza dirishani.

Alihitimu baiolojia mwaka 1982, akaajiriwa maabara ya utafiti wa ubongo, kulea seli za neva kwenye visahani. Wiki ya kwanza aliona maji ya lishe yamechakaa, akayamwaga yote na kuweka mapya. Baada ya siku chache seli zilikuwa zimekufa. Mkuu wake hakumfokea.

"Mwanangu, hizi zinaishi kwa kujuliana hali. Hii inatoa kemikali, jirani anaipokea kwa nje, habari inapita ndani hadi kwenye kiini: usife, bado tupo. Asipoipata, anajiua mwenyewe. Sasa salamu zao wewe umezimwaga. Siku nyingine badilisha nusu tu."

Alilia, kisha akaifuatilia njia ya salamu hiyo mpaka anastaafu.

Tarehe 13 Desemba 1986 aliolewa na fundi majokofu, aliyekuja maabara kutengeneza friji moja, akawa anarudi kukagua zilizo nzima. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2021 alianza kusahau. Binti yake, kwa mapenzi, aliwachukua wazazi kwake, akampa mama chumba kipya, cheupe, kimya. Wageni walizuiwa. Baba alihamishiwa chumba kingine kwa sababu ya kukoroma. Mama akaacha kula, kisha kusema, na binti akahangaika kama kuku anayetaka kutaga: dawa hii, daktari yule. Siku moja, binti akimtandikia shuka mpya, mama alimshika mkono akasema:

"Umemwaga yote, mwanangu."

Kisa cha visahani binti alikijua tangu utoto. Aliketi kitandani akalia. Jioni hiyo kiti cha mama cha zamani kililetwa kutoka nyumba yao, majirani wakaitwa, shangazi akaja na ubishi wake, na baba na mkoromo wake. Mama hakupona, lakini alikula, na akatugombeza miaka miwili zaidi.

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, alfajiri, mumewe akikoroma ubavuni.

Ameacha mume, binti, mwana, dada na wajukuu watatu. Binti anawaomba jambo moja: mtakapotawanyika leo, msimwachie baba nyumba nzima kimya. Ondokeni nusu tu.

Kiherehere wetu, sasa tulia. Upumzike kwa amani.