Bandueni Saruji Ukutani

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sogeeni, wanangu. Nieves, kaa hapa miguuni, na wewe Edilberto acha kusimama mlangoni kama mgeni, maana sauti yangu leo haifiki mbali.

Shamba la viazi mmeshagawana, sina neno. Langu ni la nyumba. Baba yenu Saturnino aliijenga kwa matofali mabichi, udongo wa hapa hapa uani, na nyumba ya udongo haitaki kusahauliwa. Kila mwaka mvua zikikatika, tukishauvika maua Msalaba kwenye sikukuu yake ya mwezi wa tano, alikuwa akichanganya udongo, nyasi za mlimani na ute wa dungusi, mmea ule wa miiba, uliolala ndooni mpaka ukanuka, nasi sote tukavua viatu tukakanyaga. Nieves, ulimtupia kaka yako donge, likamkosa likanata ukutani. Baba yenu akakandika juu yake huku akicheka, na nundu ile ipo mpaka leo nyuma ya kabati. Mwezi wa nane alipanda kupanga vigae vilivyoteleza, akiwasalimu wale fahali wawili wa udongo wanaoilinda nyumba kando ya msalaba wa paa utadhani ni wapangaji wake. Kabla ya Watakatifu Wote tulipaka chokaa, ili marehemu wetu wakija siku ile kula mkate tunaowawekea mezani waikute nyumba safi. Nilikuwa nalalamikia mgongo. Leo ningetoa chochote nikanyage tope lile naye tena.

Edilberto, ulikuja kutoka Lima na mifuko ya saruji ukaupiga lipu ukuta huu wa mbele, ukasema, "Mama, pumzika sasa, hutakandika tena." Ulikuwa upendo, nami nikakaa nje na kiti changu wapita njia wauone, Mungu anisamehe majivuno yale. Lakini ukuta wa udongo hupumua, baba. Unyevu ulipanda kutoka chini ukakosa pa kutokea. Gonga ukuta hapo juu ya kichwa changu. Umesikia? Ndani umekuwa uji. Nieves akakwambia umeiua nyumba, nawe ukasusa, misimu miwili ya mvua hukukanyaga hapa. Nieves, mwombe kaka yako radhi, alitaka kunipumzisha. Nawe usione haya, nyumba haijafa, inaumwa tu.

Msinijengee kaburi la marumaru. Nilazeni karibu na Saturnino, basi. Nyumba ni yenu wawili, isigawanywe, na kila mwezi wa tano mkanyage tope pamoja, watoto wenu nao wavue viatu.

Leteni vichwa niwashike. Bwana awabariki, aibariki mikono yenu, awape... ngoja, pumzi... awape kupatana.

Msisubiri mpaka nife. Mvua zimekatika, jua la kuukausha ukuta lipo. Nieves, shika beseni. Edilberto, chukua nyundo na patasi, ibandue saruji, anzia kona ile, taratibu. Nataka nilale nikisikia.

Piga, baba. Hapo... Tena.