Papa Onésime na Paramesi Zilizokataa Kuonekana

Tarehe 2 Julai, Papa Kambere Onésime anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha biolojia katika shule yetu hapa Mabanga. Kamati imeniomba mimi, Bénita wa darasa la tano, niandike wasifu wake kwa sababu siwezi kusema mbele ya watu. Karatasi haina macho. Nashukuru kamati kwa huruma hiyo.

Papa aliilinda mikroskopu ya shule vizuri sana. Ilikaa kabatini, chini ya kitambaa alichoshona mke wake, Mama Charline, ikatoka mara moja kwa mwaka kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Siku hiyo tulipanga mstari. Kila mutu aliweka jicho, akaona mwanga mweupe, kisha akachora paramesi kwa kunakili mchoro wa Papa ubaoni: soli ya kiatu yenye nywele pembeni. Ni kiumbe cha seli moja, huogelea katika maji yaliyotuama, na kwetu kilikuwa na desturi ya kutofika kazini.

Mwaka jana mwenzetu Carlos alimuuliza, "Papa, paramesi ziko vakansi, zimepewa likizo?"

Papa hakugeuka hata. "Tulia, mutoto. Hata wewe shuleni tunakuona kwa bahati."

Sifa yake kubwa nyingine ni usafi. Tangu kipindupindu, alitufundisha kwamba anayekwepa kituo cha klori, ile dawa ya kuua vijidudu majini, pale ziwani hana tofauti na muchawi. Tukatii. Kila mwaka tulikwenda kuteka maji ya somo, tukasimamisha bidoni zetu za maji kituoni, tukatiliwa klori kama watoto wa watu wenye adabu, tukamletea. Naye mwalimu wa biolojia akatafuta humo viumbe hai. Hakuna aliyeona shida. Shule yetu ni bora.

Mwezi wa tano mwaka huu, zamu ya maji ilikuwa ya Asha, akasahau. Kwa kuogopa adhabu akachota maji ya mvua yaliyolala ndani ya tairi nyuma ya shule. Papa akaweka tone, akainama, akazungusha skrubu.

"Inatembea," akasema polepole.

Tukapanga mstari. Papa hakusogea. Yeye pia alisomea michoro tu, na umri wote huu hakuwahi kuiona ikiwa hai. Mkono wake mmoja ulituashiria tungoje.

"Papa, na sisi?" Asha akaomba.

"Bado, mwanangu. Bado kidogo."

Kengele ikalia. Alipoinuka, tone lilikuwa limekauka. Akauliza maji yametoka wapi, akaambiwa, akakaa chini. "Kumbe tulikuwa tunaziua sisi wenyewe," akasema, akacheka mpaka akavua miwani.

Nilikuwa wa kwanza mstarini, na sikuona kitu. Nakiri sikukasirika. Niliuona uso wake.

Asante, muzee wetu. Mungu akupe uzee mtamu pamoja na Mama Charline. Ila kabla hujarudisha ufunguo wa kabati, pita darasani mara moja tu. Maji ya tairi yapo. Safari hii wewe utasimama nyuma ya mstari.