Kijiti na Okidi Namba Sitini na Moja

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mchavushaji mkuu wa kitalu chetu atavua aproni yake na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Katika muda wote huo alichelewa mara mbili, zote kwa sababu ya mvua, na aliugua siku tisa. Idara ya utumishi ililazimika kuzihakiki takwimu hizi, kwani hakuna aliyeziamini.

Wengi wetu tunamjua kwa jina la Kijiti. Jina lilitokana na kijiti cha meno anachokichomeka nyuma ya sikio, ambacho hakijawahi kugusa jino. Ndicho anachotumia kuchukua chavua ya ua moja na kuipachika kwenye ua jingine. Baada ya hapo kazi ya okidi nondo, zile ambazo maua yake hufanana na nondo aliyekunjua mabawa, ni kusubiri tu. Tunda lenye mbegu huchukua miezi kukomaa, mbegu zenyewe ni laini kama vumbi na huoteshwa ndani ya chupa, na ua la kwanza huja baada ya miaka mitatu au zaidi. Mtu mwenye haraka heri auze nyanya.

Alianza kazi enzi ambazo wateja walitaka kitu kimoja: ua jeupe, kubwa, bapa kama kisahani, la kupamba meza ya maharusi. Baadaye ikaja mistari ya rangi ya waridi, kisha madoa makubwa kama wino uliomwagika. Siku hizi wanataka mimea midogo yenye matawi mengi, inayotoshea pembeni ya kompyuta na, ikiwezekana, inukie. Mabadiliko hayo Kijiti aliyasikia mapema kuliko sisi, kwenye mikutano ya Chama cha Wapenda Okidi cha Kanda. Hufanyika mara nne kwa mwaka, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi: meza tatu ndefu, viti vya plastiki, birika la chai, na hoja ya kutengeneza feni ambayo imo kwenye ajenda tangu enzi za mwenyekiti wa pili. Kijiti alituwakilisha huko mara mia moja thelathini na moja. Mwaka mmoja alirudi, akatundika koti, akasema, "Weupe umekwisha," na kuendelea na kazi. Meneja wa wakati huo alipuuza. Tulibaki na vyungu elfu mbili vya maua meupe, na kila mfanyakazi alipeleka nyumbani zaidi ya alivyotaka.

Ndiye aliyepiga marufuku kumwagilia jioni, na ugonjwa wa kuoza mizizi ukapungua hadi tukasahau dawa yake iliwekwa wapi. Amefundisha wachavushaji kumi na mmoja. Wawili kati yao wanaendesha vitalu vyao wenyewe na humpigia simu hadi leo, kila mmoja akiomba mwenzake asijue.

Lakini ndoto yake mwenyewe ilikuwa manjano. Okidi za manjano za siku zile zilipauka kabla wiki haijaisha, naye alitaka moja isiyopauka, aipe jina la dada yake. Mama yao alifariki Kijiti akiwa na miaka sita, na dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea, akamsomesha na kumshonea hata sare. Ili jina liingie kwenye daftari la usajili, lazima mama na baba wa ua wajulikane. Na hapo ndipo palipoharibika.

Nimeambiwa wasifu huandikwa bila "mimi", ila hapa sina pa kujificha. Miaka kumi na minane iliyopita Kijiti alichavusha maua manne ya mmea mmoja wa manjano kwa chavua ya baba wanne tofauti, akafunga lebo kwenye kila kikonyo. Wanachama wa kanda walikuwa wanakuja kututembelea, nami nilikuwa mgeni kazini na nikitaka sifa. Niliziona lebo zimeota utando wa kijani, nikazifungua zote nne, nikazitia kwenye ndoo ya sabuni, nikazisugua zikang'aa. Kisha nikazirudisha kwa kukumbuka.

Nilikiri siku hiyohiyo. Kijiti alikwenda kunywa chai, akarudi, akasema, "Lebo huoshwa ikiwa palepale ilipo." Hakulitaja tena suala hilo. Matunda matatu yakadondoka, moja likakomaa, na kati ya miche yake ikachanua Namba Sitini na Moja: manjano ya kiini cha yai, madoa mekundu mdomoni, harufu nzuri asubuhi, na wiki tisa bila kupauka. Baba yake alikuwa mmoja kati ya wanne, na hakuna aliyejua yupi.

Njia iliyobaki ilikuwa kurudia uchavushaji wote. Alipewa nusu ya meza, hivyo alijaribu baba mmoja baada ya mwingine, kila jaribio miaka mitatu na nusu. Wa kwanza alizaa maua meupe, wa pili ya waridi. Watoto wa baba wa tatu walitoka wanafanana na Sitini na Moja. Kijiti hakusherehekea, alimjaribu na wa nne. Mwezi uliopita maua yakafunguka, nayo yakafanana vilevile. Baba hao wawili walikuwa ndugu wa tunda moja, na wote walishakufa, hivyo hata kipimo cha maabara hakikuwa na cha kupima.

Jumamosi iliyopita aliupeleka mmea wa Sitini na Moja kwenye mkutano wake wa mwisho, nami nilikuwepo kuandika kumbukumbu. Dada yake, mwenye miaka sabini na tisa, alikuja naye. Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, alimsogezea fomu kwa upole. "Mzee, andika yeyote kati ya hao wawili. Nani atakupinga?" Mjumbe mmoja akatoa sarafu irushwe. Nami, nakiri, niliomba moyoni akubali, ili kosa langu liishe.

"Nikiandika nisichokijua," Kijiti alisema, "nitamdanganya kila atakayeichavusha baada yangu."

Dada yake aliomba aone fomu. Akavaa miwani, akaisoma yote bila kuharakishwa na mtu. "Sasa mnahangaikia nini? Cheti changu cha kuzaliwa, hapo kwa baba pana kistari. Na jina nilipewa."

Kijiti alichukua kalamu akachora kistari. Mwenyekiti akamwambia kwamba ofisi ya usajili itairudisha fomu hiyo. "Wairudishe," alijibu. Kisha akachomoa lebo ya Sitini na Moja, na kwa penseli akaandika jina la dada yake. Kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kumwona akiandika kwenye lebo kitu kisichokuwamo daftarini. Nililia. Kumbukumbu za mkutano zilimaliziwa na mtu mwingine.

Fomu ilirudi Jumatano. Uongozi umeamua Sitini na Moja isiuzwe, bali iondoke na mwenyewe.

Kijiti, asante kwa kazi, kwa ukali wako wa haki, na kwa miaka kumi na minane ya kutonikumbusha. Wewe na dada yako tunawaombea afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na kengele. Ukifika nyumbani, mpe chungu akishike yeye. Jina ni lake.