Tulimpa Pole Fundi Aliyevunja: Risala ya Bibi wa Bembelezi

Mgeni rasmi, mhandisi uliyebuni programu ya kusafisha sauti: kwa umri wetu tungengoja utuamkie. Leo tumekuamkia sisi, maana mwenye kosa ndiye huanza.

MAKARIBISHO
Karibu studio. Magodoro unayoyaona ukutani ni ya vitanda vyetu, tuliyapigilia misumari ili mwangwi ukome. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisicholia.

HISTORIA
Tuko bibi kumi na mmoja. Tunarekodi bembelezi, zinapigwa wodi ya watoto moja kwa moja kutoka kompyuta yetu. Jirani yetu ni mashine ya kusaga, nayo haijui kunyamaza. Ndipo fundi wetu wa sauti akaweka kwenye kompyuta programu yako, ile mafundi huiita plagini. Mngurumo ukatoka, sauti ikabaki safi kama mchele uliopetwa. Tukapiga vigelegele.

"Msinishukuru, mama zangu," fundi akasema. "Nimeivunja tu."

"Pole, baba," tukamjibu. "Vitu huvunjika. Mradi inafanya kazi."

MAFANIKIO
Nyimbo thelathini na mbili. Muuguzi alisema watoto walilala kabla ya ubeti wa pili.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita nyimbo zikaanza kukatika. Kila sekunde arobaini, kimya. Kisha wimbo unaendelea kama haukufanya neno. Muuguzi akaja juu: "Bibi zangu, mnawalaza au mnawaamsha?"

Tukakuandikia tukiomba msaada, na tukakualika. Ofisi yako ikauliza namba ya leseni. Tukajibu kwa moyo mweupe: "Namba hatuna, fundi aliivunja."

Barua ilikwisha kwenda mama mpiga chapa, jirani yetu, aliposoma nakala yake akashika kichwa. "Mmeandika nini! Kuvunja huko si kwa sahani, ni kwa mlango! Hiyo ni programu ya wizi, na kimya hicho ni kufuli la mwenyewe."

Mgeni rasmi, tulikaa chini. Mmoja wetu alivua viatu, mpaka leo hajui kwa nini. Sisi tuliowakataza wajukuu kuokota hata sindano ya jirani, kumbe tunaimba ndani ya nyumba iliyovunjwa, na mwenye nyumba tumemwandikia karibu!

Fundi ni yule anayetazama sakafu. Lawama tusimwachie peke yake. Vigelegele vilikuwa vyetu.

OMBI
Programu ile tumeiondoa. Tumenunua toleo jipya kwa halali, lakini halifungui kazi za zamani, na toleo lile haliuzwi tena. Nyimbo thelathini na moja tutaziimba upya. Moja hatuwezi.

Aliyeiimba ni mwenzetu tunayemwita Kinanda, huyu mwenye kitambaa shingoni. Alipasuliwa koo, na sauti haikurudi. Mwezi ujao binti yake anajifungua, mjukuu wa kwanza. Bila programu yako, wimbo wake unazama kwenye mashine ya kusaga.

Tunaomba ufunguo wa halali wa toleo lile, kwa wimbo huo mmoja, siku moja, wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapa. Ukikataa hatutanung'unika, mali ni yako. Kinanda tulimwambia hivyo, akaandika kwenye kijidaftari chake: "Msimlazimishe. Mwombeni asikilize kwanza."

Basi sikiliza. Tumebakiza nakala ya wimbo wake iliyokatika, dakika tatu na nusu. Pale penye kimya, tutaimba sisi.

Mungu ailinde kazi ya mikono yako, hata dhidi ya watu kama sisi.

Ni sisi,
Bibi wa Bembelezi