Vernetta Burdick, Fundi Aliyesikiliza Springi

Dada yetu Vernetta Skogstad Burdick, ambaye sote hapa tulimwita Nettie, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Riverton, Wyoming, mtoto wa kwanza wa Halvor na Dorothea Skogstad. Mimi, Arne, ndimi kitinda mimba, na ninasoma haya kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza. Kumkatalia Nettie nilijaribu mara moja utotoni, sikurudia.

Alisoma Lander, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akaenda Colorado kusomea ufundi wa silaha. Siku ya kwanza mwanafunzi mwenzake alimwambia, "Dada, umepotea. Darasa la ushonaji liko ng'ambo kule." Akamjibu, "Basi nenda ukashonwe mdomo." Alihitimu mwaka 1973.

Mwaka 1979 alifungua karakana yake hapa Dubois. Waongozaji wa wawindaji walipoanza kubeba bastola za milimita kumi kwa ajili ya dubu, zilimjia zikiwa na nyufa, kwa kuwa risasi zake zina nguvu na chuma cha juu cha bastola hurudi nyuma kwa kishindo kila inapopigwa. Wengi walidhani dawa ya kukizuia chuma hicho ni springi ngumu kuliko zote. Marehemu alikataa katakata. Springi ikizidi ugumu, alisema, hurusha chuma mbele upesi mno hata kikaikosa risasi inayofuata. Yeye alichagua springi ya kadiri, akaweka kwa nyuma kipande kidogo cha chuma chenye kona kali ili bastola ichelewe kidogo kufunguka, kisha akatazama maganda ya risasi. Yakiruka mbali, springi ni dhaifu. Yakidondoka miguuni, imezidi. Na hakuna bastola iliyotoka karakanani kwake kabla mwenye bastola hajaipiga mbele yake bila kukwama.

Ndivyo alivyompata mume. Mwaka 1987 Clete Burdick, mwongozaji wa wawindaji, alileta bastola aliyoitia springi ngumu kwa mikono yake.

"Hii sasa haivunjiki," alijigamba.

Ikakwama kwenye risasi ya tatu.

"Dubu akija utamwomba asubiri?" Nettie akamuuliza.

"Nirudishie bastola yangu, bibie."

"Bibie ndiye anayekukatalia."

Clete alirudi kuiulizia kila wiki, hata ilipokwisha kutengenezwa, mpaka mji mzima ukaanza kucheka. Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1988 katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti mmoja, Maren.

Mwaka 2021 ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulianza kummaliza nguvu za mikono. Majira ya baridi yaliyopita Maren alipata kazi ya kufuatilia nyendo za dubu milimani, ya kuanza mwezi huu wa Mei, na Nettie akaapa kwamba hafi kabla hajamtengenezea bastola. Wakati huo hata kijiko kilikuwa kinamshinda. Daktari alimsihi apumzike. Akasema atapumzika sana baadaye. Basi mikono ikawa ya Clete na akili ikawa ya Nettie. Yeye alilala kitandani, Clete akivuta chuma cha juu karibu na sikio lake.

"Ngumu hiyo. Toa."

"Lakini Nettie, si ndiyo itaikinga zaidi?"

"Miaka yote hii hujajifunza tu? Toa, mzee!"

Nilimwona shemeji yangu, mtu asiyemkimbia dubu, akifuta machozi kwa kitambaa cha mafuta huku akibadilisha springi. Iliniuma sana kuwatazama.

Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 tulifungua dirisha la chumba chake. Maren alisimama nje, upande wa zizi la farasi, akapiga magazini nzima ya risasi kwenye tuta la udongo, kisha nyingine. Haikukwama.

"Maganda yameangukia wapi?" Nettie aliuliza, sauti imefifia.

Clete akarudia swali kwa sauti dirishani.

"Karibu na pipa la maji, mama! Si mbali, wala si miguuni!"

Alifumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Clete," alisema, "mpe mtoto."

Hakusema neno jingine. Alifariki kesho yake asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Clete, binti, Maren, na mimi mdogo wake. Maren alitaka kuahirisha safari. Baba yake amemkatalia, kwa sauti tunayoijua sote ilikotoka. Jumatatu anapanda mlimani.

Sasa pumzika, dada, kwa amani uliyoifanyia kazi. Bastola imetoka karakanani.