Mboga ya Mwelu

Benchi lililo kando ya gereji ya Spana, hapa Kitengela, halijawahi kukosa washauri. Jua likipunguza ukali, Ndambuki hufika na birika lake la kahawa, na wenye benchi huketi kutatua shida za watu. Jioni hiyo shida ilikuwa ya Mutinda, seremala, mtu mkubwa mpole ambaye maisha yake yote alijua jikoni ni mahali pa kuulizia kama chakula kimeiva. Mkewe Mwelu alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa ugonjwa wa moyo, na ameagizwa ale mboga zenye mafuta kidogo sana. Jana yake Mutinda alimpikia mwenyewe. Mwelu alionja kijiko kimoja, akasema ameshiba, akageukia ukuta. Mutinda aliogopa kuliko alivyoogopa kule hospitali.

— Ulipika aje? aliuliza Makokha, ambaye huuza dawa za ng'ombe na kwa hiyo huitwa Daktari.

— Nilichemsha kabeji na karoti. Mafuta sikuweka hata tone.

— Chumvi?

— Nilisahau.

— Kitunguu?

— Kitunguu si inataka mafuta?

Daktari alimwonea huruma.

— Sikiza. Weka mafuta kama kawaida, kaanga vizuri, halafu ngoja ipoe. Mafuta itapanda juu yenyewe. Unaitoa na kijiko, unabaki na mboga safi.

— Na hiyo nimetoa?

— Unakaangia mayai yako asubuhi. Wewe hujakatazwa.

Spana aliweka kikombe chini.

— Daktari, wacha mchezo. Mimi nafua ovaroli, najua mafuta ikishaingia haitoki. Dawa ni moto. Washa jiko kali mpaka mafuta yote iende na moshi.

— Si mboga pia itaenda?

— Itaenda, lakini itaenda bila mafuta.

Ondiek, mlinzi wa ploti ya nyuma, ambaye wote humwita Serikali, alikuwa amengoja zamu yake.

— Mnaumiza mtu bure. Sufuria juu ya mabati saa sita mchana! Jua ya Kitengela imewahi kukuangusha? Hoho inaiva, nyanya inaiva, jiko hujawasha, mafuta hujafungua.

— Na paka wa jirani?

— Nitapanda juu nilinde.

Benchi zima lilicheka. Mutinda naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali. Usiku ulikuwa unakuja na mgonjwa hajala.

Hapo ndipo alipotokea Mama Katoo, mgeni katika mtaa huu, na gunia la mboga za Loitokitok mgongoni.

— Sopa, mama! aliita Spana, akimsalimu kwa Kimaasai.

— Epa, aliitika, akatua mzigo.

Wakamweleza wote kwa pamoja: mafuta, moshi, mabati. Mama Katoo alisikiliza hadi wakaishiwa na pumzi.

— Na mama mwenyewe hupenda mboga gani?

Daktari alimtazama Spana. Spana alimtazama Serikali. Kisha wote watatu wakamgeukia Mutinda. Huyu Mutinda anajua nambari ya viatu vya mkewe, anajua wimbo anaoupenda kanisani, lakini hilo hakulijua. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akatoa simu.

— Mwelu, wewe hupenda mboga gani?



— Umeniuliza nini?

— Mboga. Yako wewe, ya kula.

— Kunde, Mwelu alisema polepole. Na nyanya mingi. Lakini si ulikataa ipikwe kwa nyumba yako? Ulisema haina ladha.

— Nilisema hivyo lini?

— Mwaka ile tulioana.

Upande wa pili Mutinda akamsikia Mwelu akicheka, kicheko chembamba, cha kwanza tangu augue.

— Kuja nayo, baba. Nitakaa hapo kwa mlango nikuonyeshe vile inapikwa.

Mama Katoo, alipoambiwa ni kunde, alifungua gunia, akaanza kumpimia za mtu mmoja.

— Ongeza, alisema Mutinda. Na mimi nitakula.