Twaiba Boga, Aliyeomba Bila Kumwaibisha Mtu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani pale Ukunda, mpe mteja kiti akae. Nusu saa hii nataka tuizungumze habari ya mtu mmoja tu. Jina lake ni Twaiba Boga, mzaliwa wa Mwabungo. Alifariki dunia Jumatano iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na akazikwa siku ya pili yake baada ya sala ya adhuhuri. Mimi ni mtangazaji wenu, Kache Tsuma. Jumapili nilikwenda kwao Mwabungo kuhani, na haya ninayowasimulia nimeyapata kwa watu wake wenyewe.

Huenda jina hilo hulijui. Sikulaumu. Twaiba alifanya kazi ambayo watu hawaioni. Kwa miaka kumi na saba alikuwa ndiye mtu wa kutafuta fedha za kuendeshea shirika moja la kimataifa la haki za binadamu, liitwalo Ngao ya Utu. Mawakili wa shirika hilo walisimama mahakamani, ukawaona kwenye habari. Watafiti waliandika ripoti, ukaisikia ikisomwa. Lakini nauli ya wakili ilitoka wapi? Huyo ndiye Twaiba. Kwa Kiswahili cha ofisini aliitwa meneja wa uhusiano na wafadhili. Mama yake, Bi Mishi, hakuyataka maneno marefu. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe kazi yake ni kuomba.

Twaiba alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake alishona makuti ya kuezekea. Shuleni alijulikana kwa jambo moja: mdomo. Bi Mishi aliniambia kwamba muhula mmoja mwalimu alimhamisha dawati mara nne, na kila alipohamishwa alipata rafiki mpya. Mwalimu alichoka yeye.

Mwaka tisini na tano akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Hapo ndipo alipojifunza kazi yake, ingawa hakujua kwamba anajifunza. Mgeni akifika, Twaiba alishika jina lake na jambo moja alilolisema. Moja tu. Mgeni huyo akirudi baada ya miaka miwili, anaulizwa kama goti la mama yake limepona. Watu walishangaa. Wengine walibadilisha tarehe za likizo zao ili wamkute zamuni.

Halafu utalii ukaanguka, na hoteli ikafungwa. Twaiba alikuwa na miaka ishirini na minane. Akapanda basi hadi Nairobi, akaomba kazi mahali pengi, na akaipata kwenye Ngao ya Utu. Kazi gani? Mapokezi tena. Kupokea simu, kufungua mlango, kupeleka chai.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni alivyotoka kwenye meza ile.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nane. Wafadhili wawili kutoka ng'ambo walifika ofisini siku moja kabla ya siku waliyotarajiwa. Mkurugenzi alikuwa angani, ndege haijatua. Wakaketi pale mapokezi. Katika mazungumzo wakamwuliza Twaiba, kazi inakwendaje? Naye akawaambia ukweli. Akawaambia kuhusu kesi waliyoshinda, na pia ile waliyoshindwa. Akaeleza kwamba shahidi wa kesi ile ya pili aliogopa, kwa sababu shirika lilichelewa kumtafutia mahali salama pa kukaa. Akaeleza na lile ambalo lingefaa kufanywa tofauti.

Bi Purity, aliyekuwa karani wa ofisi, alisikia yote kutoka nyuma ya mlango. Nimezungumza naye kwa simu. Anasema, "Nilianza kufungasha vitu vyangu. Nilijua leo tumefukuzwa sote."

Hawakufukuzwa. Baada ya wiki moja ilikuja barua. Wafadhili wale wameamua kulisaidia shirika kwa miaka mitatu. Walikuwa na sharti moja dogo: barua zao ziandikwe na yule dada wa mapokezi. Mwezi uliofuata Twaiba alipewa chumba chake na mlango wake.

Na alikuwa na namna yake. Hakuandika barua ya shukrani bila kueleza kilichotokea kwa mtu aliyesaidiwa. Mfadhili mmoja, bibi wa miaka themanini wa huko Uswidi, alifundishwa na Twaiba neno shikamoo. Bibi akalipenda sana. Kila akipiga simu anaanza yeye, "Shikamoo, Twaiba." Twaiba alijaribu kumweleza kwamba mkubwa haamkii hivyo. Bibi hakusikia. Basi mwana wa Mwabungo akawa anajibu marahaba kwa mwanamke wa umri wa nyanya yake, huku amejifunika uso kwa haya.

Mwaka elfu mbili na kumi na saba alirudi nyumbani, kwa kuwa mama alikuwa akizeeka. Alifanya kazi kwa intaneti, barazani. Mumewe, Bwana Abdulaziz, anasema kwamba katika mikutano ile jogoo wao aliwika sana, hata mkurugenzi mmoja wa Ulaya akawa anauliza kama mjumbe wa Mwabungo ana maoni.

Lakini kulikuwa na siku ambazo hakucheka, na lazima niwaeleze.

Mwaka uliofuata, huko Kikoneni, mtu mmoja asiyejulikana na wenyeji alikuja na karatasi akisema ardhi ni yake. Nyumba za familia arobaini na moja zikabomolewa asubuhi moja. Mojawapo ilikuwa ya Bi Rispah, mama wa Kanze na watoto wengine watatu, mkulima wa mihogo na korosho. Mpita njia alimpiga picha akilia juu ya udongo wa nyumba yake. Picha ile ikasambaa. Ngao ya Utu ikachukua kesi ya familia zile.

Kesi ikawa ndefu. Mwaka mmoja ukaisha. Ndipo mfadhili mkubwa wa kesi hiyo, wakfu mmoja wa ng'ambo, akaandika kwamba ataongeza msaada maradufu, ila anataka picha ya Bi Rispah ibandikwe kwenye mabango na kwenye mitandao, dunia nzima. Wakubwa wa shirika walifurahi. Wakamwambia Twaiba akamalize jambo hilo.

Twaiba akaenda Kikoneni. Alimkuta Bi Rispah akiishi kwa shemeji yake, anamenya mihogo. Wakaamkiana, wakaulizana hali za watoto. Twaiba akatoa picha na kumweleza kila kitu: ni nani anaiomba, itaonekana wapi, na fedha zitasaidia nini. Bi Rispah akafuta mikono, akaishika. Hakuwahi kuiona.

Akasema, "Dada, siku ile kanga yangu ilikuwa imeanguka. Ndivyo mnavyotaka niwe, mbele ya watu wote?"

Twaiba akamjibu, "La, Mama Kanze. Hawataiona kwangu."

Akairarua pale pale, akaendelea kumsaidia kumenya mihogo.

Barua aliyomwandikia mfadhili ilikuwa fupi. Mwenye picha amekataa, na shirika limekubaliana naye. Wakfu ukajitoa. Kule Nairobi kukawa na mkutano mkali. Mkurugenzi alimwambia wazi kwamba mawakili wana miezi miwili, na wakiondoka, familia arobaini na moja zitabaki bila mtetezi kwa sababu ya picha moja. Bwana Abdulaziz anasema mkewe alirudi nyumbani, na siku tatu hakula vizuri. Alimwuliza mumewe kama amekosea. Alimwambia tu kwamba yeye pia asingependa picha ya Bi Mishi ibandikwe namna ile.

Siku ya nne Twaiba akaanza kupiga simu. Aliwapigia watu wadogo, wale wa kutoa kidogo kila mwezi, waliokuwa wamesahauliwa kwenye orodha. Akawaeleza kisa chote, pamoja na picha aliyoikataa. Bibi wa Uswidi akawaita wenzake wa kanisani. Mwalimu mstaafu wa Ujerumani, mgeni wake wa zamani pale hotelini, akawaandikia wanafunzi wake wote.

Kisha akafanya jambo ambalo shirika halikuwahi kulifanya. Akaomba nyumbani. Bi Mishi hakupendezwa. Alimwambia, "Mwanangu, huku utamwomba nani? Huku ndiko kunakoombewa." Twaiba hakubishana na mama yake. Akaenda kwa kina mama wanaokaanga samaki Mwabungo. Akaenda kwa madereva wa bodaboda Ukunda. Akazungumza msikitini kwa idhini ya imamu, na kanisani Kikoneni kwa idhini ya mchungaji. Watu wakatoa walivyokuwa navyo. Mwenye nyumba mmoja wa Msambweni akawapa mawakili vyumba viwili bure. Vijana wa bodaboda wakawapeleka mashahidi mahakamani Kwale kila kesi ilipotajwa, kwa zamu. Na Bi Mishi? Alishona makuti ya nyumba mbili, akayatuma Kikoneni bila kumwambia mtu.

Mawakili hawakuondoka. Hukumu ilitolewa mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Familia zote arobaini na moja zilirudishiwa ardhi yao. Nasema tena: zote arobaini na moja.

Miezi michache baadaye Bi Rispah alimpigia Twaiba simu, akamwambia aje na kamera. Alimkuta amesimama mlangoni pa nyumba mpya, amevaa kanga mpya, mkono kwenye komeo. Akasema, "Sasa piga. Na hii uwapelekee wote." Picha ile ikapelekwa kwa kila aliyechangia, Uswidi na Ukunda. Wakfu ule haukurudi. Lakini ofisa wao mmoja aliandika juzi, katika salamu za rambirambi, kwamba tangu kisa kile hawaombi tena picha ya mtu kabla ya kupata ruhusa yake.

Maradhi ya figo yalimwanza miaka miwili iliyopita. Wodini alijua majina ya wagonjwa wote, na wauguzi walimwachia kazi ya kuwabembeleza wanaokataa dawa. Siku mbili kabla ya kufariki alikuwa bado anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili namna ya kuandika barua kwa mtoto wake aliyenuniana naye.

Matangani, Jumapili ile, nilikuwapo. Watu wa Kikoneni walikuja na malori mawili. Bi Rispah aliketi na Bi Mishi siku nzima, wakishikana mikono, na nilipowakaribia walikuwa wakicheka. Nikamwuliza Bi Mishi niwaambie nini wasikilizaji. Akaniambia, "Waambie mwanangu aliomba, na hakuna aliyeona haya."

Bi Mishi, makiwa. Bwana Abdulaziz na watoto, makiwa. Wafanyakazi wa Ngao ya Utu, na watu wa Mwabungo na Kikoneni, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Twaiba, na awape subira.

Na wewe uliyesikiliza hadi hapa, kuna mtu mwenye shida unayetaka kumsaidia, na pengine unatafuta wa kumsimulia. Usisimulie kwanza. Nenda kwake, umsaidie kumenya mihogo, kisha umwulize angependa watu waambiwe nini.